Sarkoma ya Kaposi na Utafutaji wa Chanzo Chake: Kutoka Wodi za Kampala hadi Maabara za Vinasaba

1.0 Utangulizi

Sarkoma ya Kaposi ni saratani inayohusu kuta za mishipa midogo ya damu na limfu. Hujitokeza kama madoa au vinundu vya zambarau, kahawia au vyeusi, hasa miguuni. Kwa wagonjwa wengi wa UKIMWI huonekana pia kinywani, kwenye kaakaa na ufizi. Historia ya utafiti wake huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza Marekani mwaka 1981, na kufikia kilele New York mwaka 1994, virusi vinavyoisababisha vilipogunduliwa. Makala haya yanajenga hoja kwamba masimulizi hayo ni nusu ya historia. Swali lililojibiwa na baiolojia ya molekuli mwaka 1994 lilikwisha kuulizwa Kampala zaidi ya miaka 30 kabla. Kilichokosekana wakati huo ni nyenzo za kulijibu.

2.0 Ugonjwa Mmoja, Sura Mbili

Mwaka 1872, Moritz Kaposi, daktari wa ngozi aliyefanya kazi Vienna, alieleza wagonjwa watano waliokuwa na uvimbe wenye rangi uliotapakaa kwenye ngozi. Kwa miongo mingi baadaye, vitabu vya tiba vya Ulaya viliuhesabu ugonjwa huo kuwa adimu, wa wanaume wazee, na wa kukua polepole.

Sura hiyo haikulingana na yale yaliyoonekana Uganda na mashariki mwa Kongo katikati ya karne ya 20. Huko saratani hiyo haikuwa adimu. Iliwapata wanaume wa makamo, wakati mwingine ikipenya hadi kwenye mifupa, na iliwapata hata watoto, ambao kwao ilishambulia zaidi tezi za limfu. Mwaka 1961, wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala katika kongamano lililohusu ugonjwa huu pekee. Mtawanyiko wake wa kijiografia ulidai maelezo: kwa nini uzidi hapa na upungue kule?

Jibu la kuwa huenda kuna virusi lilipata nguvu kutokana na saratani nyingine ya ukanda huohuo. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona virusi vya jamii ya hepesi katika seli za limfoma ya Burkitt, zilizotokana na sampuli zilizosafirishwa kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1972, Giraldo na wenzake waliripoti chembe zinazofanana na hepesi katika seli za sarkoma ya Kaposi zilizokuzwa maabara. Hata hivyo, virusi hivyo vilihusishwa na sitomegalovirusi, ambayo haikuthibitika kuwa chanzo. Dhana ilielekea kwenye jamii sahihi ya virusi, lakini hadubini pekee haikutosha kumtambua mhusika.

Wakati huohuo tiba haikusubiri chanzo kijulikane. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, madaktari akiwamo mpasuaji Sebastian Kyalwazi walichunguza sura za ugonjwa huu na kujaribu dawa za kuukabili.

3.0 Ushahidi wa Miaka ya UKIMWI

Julai 1981, taarifa ya afya ya umma nchini Marekani ilieleza wanaume 26 mashoga wa New York na California waliopata sarkoma ya Kaposi. Muda mfupi baadaye, Anne Bayley, mpasuaji jijini Lusaka, aliona aina kali isiyofanana na ile ya zamani aliyoizoea, na mwaka 1984 akachapisha matokeo yake.

Je, VVU vyenyewe ndivyo vilivyosababisha saratani hii? Mwaka 1990, Valerie Beral na wenzake walionesha kuwa haikuwa hivyo. Nchini Marekani, walioambukizwa VVU kwa kujamiiana walipata saratani hii mara nyingi zaidi kuliko wenye hemofilia walioambukizwa kupitia bidhaa za damu. Kama VVU vingetosha, tofauti hiyo isingekuwapo. Lazima kulikuwa na kiambukizi kingine, na kudhoofika kwa kinga kulikipa nafasi tu.

4.0 Kulinganisha Tishu Mbili za Mgonjwa Mmoja

Nyenzo iliyokosekana ilipatikana mwaka 1993, Lisitsyn na Wigler walipobuni mbinu ya kutenganisha vipande vya DNA vilivyomo katika sampuli moja na visivyomo katika nyingine. Yuan Chang, Patrick Moore na wenzao waliitumia kulinganisha tishu ya saratani na tishu yenye afya ya mgonjwa yuleyule. Mantiki yake ni nyepesi: seli za mtu mmoja hubeba takriban vinasaba vilevile, vikiondolewa vinavyofanana, kinachosalia huenda ni cha mgeni. Desemba 1994 walitangaza vipande viwili vya DNA vyenye undugu na virusi vya hepesi. Vilipatikana katika sampuli 25 kati ya 27 za wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani hiyo.

Ugunduzi huo ulihitaji kuthibitishwa nje ya UKIMWI, na hapo utafiti ulirejea ulikoanzia. Kufikia mwaka 1996, DNA hiyohiyo ilikwisha kuonekana katika tishu za wagonjwa wa Uganda, wenye VVU na wasio na VVU. Sura ya Vienna, ya Kampala na ya New York zilikuwa na chanzo kimoja.

Mwaka huohuo mpangilio wa jeni za virusi hivyo ulichapishwa. Ulionesha kuwa vimebeba jeni zinazofanana na za binadamu, zikiwamo zinazochochea seli kugawanyika na zinazoizuia kufa. Baadaye, protini yao iitwayo LANA ilibainika kuvishikiza vinasaba vya virusi kwenye kromosomu za seli na kuidhoofisha p53, protini inayozuia saratani. Mwaka 2000, utafiti ulionesha kuwa virusi hivi hutoka kwa wingi kinywani. Mate yalisaidia kueleza jambo lililowatatiza madaktari wa Kampala: namna watoto wadogo walivyoambukizwa.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kuwa maabara na wodi zilitegemeana. Bila mbinu ya kulinganisha DNA, dhana ya virusi ingebaki dhana. Bila kumbukumbu za wagonjwa wa Afrika, ugunduzi wa 1994 ungeweza kudhaniwa kuwa unahusu UKIMWI pekee. Hata hivyo, manufaa hayajagawanyika sawa. Wagonjwa wengi wa saratani hii leo wako Afrika kusini mwa Sahara, na chanjo dhidi ya virusi vyake bado haipo. Kuanza historia mwaka 1981 kunawafanya wagonjwa hao waonekane wapokeaji wa elimu iliyozalishwa kwingine, ilhali miili yao na kumbukumbu za madaktari wao ni sehemu ya msingi wa elimu hiyo. Kwa hiyo, madai yao ya kupewa kipaumbele katika utafiti wa chanjo na tiba yana msingi wa kihistoria pia.