Maisha Yaliyoahirishwa: Hoja Moja katika Fikra za Kirusi za Karne ya 19

Wahakiki wengi huisoma fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 kama ugomvi wa maisha na akili: huku nadharia zilizotoka Ujerumani na Ufaransa, kule moyo, ardhi na imani. Usomaji huo una ushahidi wake, ila unamwacha nje mwanafikra Herzen, ambaye hakuikana akili kamwe. Nadai kwamba jambo lililopingwa hasa ni kuahirisha maisha: mtu wa leo kugeuzwa daraja la kumvusha mtu wa kesho.

Hoja hii inaonekana mapema kwa mhakiki Belinsky. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Botkin mwaka 1841, alimgeuka Hegel aliyekuwa akimwabudu. Maendeleo ya ulimwengu, alisema, hayana thamani kama yanalipiwa kwa mateso ya mtu mmoja mmoja. Herzen aliihama Urusi mwaka 1847, na Juni 1848 alikuwa Paris wafanyakazi walipouawa mitaani. Kutokana na hayo akaandika kwamba historia haina mwisho uliopangwa, na kwamba utoto una thamani yake hata kabla ya kuzaa utu uzima. Wapo wanaoona hapo uchovu wa mwanamapinduzi aliyekata tamaa. Mimi naona kanuni ya maadili.

Chernyshevsky naye, katika tasnifu yake ya 1855, alitangaza kuwa uzuri ni maisha, kisha akaweka sharti: maisha jinsi tunavyoelewa kwamba yanapaswa kuwa. Kwa sharti hilo kesho ikarudi kutawala. Rakhmetov, katika riwaya aliyoiandika gerezani na kuitoa 1863, analala juu ya misumari akijiandaa kwa siku isiyofika. Turgenev alishamtangulia kwa mwaka mmoja: Bazarov wake analalamika kwamba mkulima fulani atapata nyumba nzuri wakati yeye mwenyewe anaotewa na magugu. Baadaye anajikata kidole akipasua maiti; daktari wa wilaya hana hata dawa ya kuchomea jeraha, na kijana anakufa.

Dostoevsky ndiye mgumu zaidi. Tarehe 22 Desemba 1849, katika uwanja wa Semyonovsky, wenzake watatu walifungwa nguzoni wapigwe risasi, naye akingoja zamu ya kundi lililofuata, ndipo msamaha wa mfalme ukasomwa. Siku hiyohiyo alimwandikia kaka yake kwa furaha kubwa. Lakini katika *Punguani*, karibu miaka 20 baadaye, Myshkin anasimulia habari za mtu aliyenusurika vivyo hivyo, aliyeazimia kuithamini kila dakika akirudishiwa uhai. Anaulizwa mtu huyo aliishije baadaye. Jibu: alipoteza dakika nyingi mno. Anayemfanya Dostoevsky mhubiri wa furaha ya kuishi auruke ukurasa huo kwanza.

Tolstoy aliishusha hoja hadi sebuleni. Hakimu Ivan Ilyich (1886) anateleza kwenye ngazi akimwonyesha fundi namna ya kutundika mapazia, na pigo la ubavuni linamwanzishia mauti. Yeye aliyaahirisha maisha kwa ajili ya cheo na mshahara, bila mapinduzi yoyote. Mwaka mmoja baadaye, katika risala yake juu ya maisha, Tolstoy anamtaka mtu aikane nafsi yake ndipo aishi kweli. Hapo msimulizi anampinga mwanafalsafa, na msimulizi ndiye mwenye haki. Kwa kuwa hoja hii ilianza kabla yao, mtaala wa fasihi hii unaoanza na Tolstoy na Dostoevsky umeanzia katikati. Mwanafunzi apewe Herzen kwanza.