Ameanguka, Ameangushwa, Amejiangusha: Mtangazaji, Mwamuzi na Msikilizaji wa Kandanda

Utangulizi

Kandanda ni mchezo wa macho, lakini kwa miaka mingi Wakenya walio wengi waliufuata kwa masikio. Aliyekuwa mbali na viwanja vya mijini hakuwa na njia ya kuhudhuria mechi kubwa ila kukaa karibu na redio, na kumwachia mtu asiyemjua kazi ya kumwonea. Katika hali hiyo yalizuka malalamiko mawili ambayo yangali nasi hata leo. La kwanza ni kwamba mtangazaji anapendelea. La pili ni kwamba mwamuzi amehongwa. Aghalabu malalamiko haya huzungumzwa kana kwamba ni mambo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yana uhusiano wa karibu, na kwamba sehemu ya chanzo chake imo katika lugha yenyewe.

Msomaji aniwie radhi nikianza na kisa cha nyumbani. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1990, ami yangu na shemeji yake walisikiliza mechi moja, katika redio moja, chini ya mwembe mmoja. Dakika za mwisho mshambuliaji alianguka ndani ya eneo la penalti. Mtangazaji akasema, "Ameangushwa!" Kipenga hakikulia. Mchezo ukaendelea, ukaisha kwa sare. Ami akaapa kwamba mwamuzi amenunuliwa. Shemeji yake naye akaapa kwamba mwamuzi ni mtu wa haki, bali mtangazaji ndiye shabiki. Wazee hawa wawili, waliozoea kulimiana mashamba, hawakusemezana mpaka mavuno yakaingia ghalani. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameliona tukio lile. Walichokigombania kilikuwa ni kitenzi.

Chimbuko la utangazaji wa kandanda

Mechi ya kwanza ya ligi ya Uingereza kutangazwa moja kwa moja katika redio ya BBC ilikuwa ile ya Arsenal na Sheffield United, iliyochezwa katika uwanja wa Highbury, London, tarehe 22 Januari 1927, ikaisha kwa sare ya 1-1. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam. Jambo linalotuhusu hapa si matokeo, bali ni mbinu iliyotumiwa. Jarida la Radio Times lilikuwa limechapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa katika miraba minane yenye nambari. Wakelam alipokuwa akieleza mchezo, sauti ya pili ilitaja nambari ya mraba ambamo mpira ulikuwa. Msikilizaji nyumbani aliweka kidole juu ya ramani na kuufuata mpira.

Ni dhahiri, basi, kwamba tangu siku ile ya kwanza watangazaji walitambua udhaifu wa chombo chao. Walijua kwamba sauti moja haitoshi, na kwamba asiyeona anahitaji kitu cha kumwezesha kupima maneno anayoambiwa. Ramani ile haikudumu, na udhaifu ule haukuondoka nayo.

Nchini Kenya redio ilianza mwaka 1928, ikikusudiwa hasa walowezi. Matangazo kwa Waafrika yalipata nguvu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jamaa za askari walipohitaji kupata habari. Kandanda lilikuwa limekwisha tangulia: Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikajiunga. Lakini ndoa ya kandanda na redio ya Kiswahili ilistawi hasa baada ya uhuru. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, chini ya serikali, na Idhaa ya Taifa ikatangaza kwa Kiswahili. Mwaka huo huo alijiunga nalo kijana kutoka pwani, Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilikuja kuwa mojawapo ya sauti zilizofahamika zaidi katika utangazaji wa kandanda nchini hadi kustaafu kwake. Alipofariki mwezi wa Februari 2025, wengi waliomboleza mtu ambaye hawakupata kumwona ana kwa ana, ingawa kwa miaka mingi walikuwa wamemkabidhi macho yao.

Idhaa moja, mashabiki wa pande mbili

Klabu ya Abaluhya iliundwa mwaka 1964, na Gor Mahia mwaka 1968. Mpambano wa klabu hizi mbili ndio uliokuja kuitwa wa mashemeji, kwa kuwa jamii ambamo zilichipuka zimeoana kwa vizazi vingi. Mwaka 1980 serikali ilipoagiza vyama viache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, lakini mapenzi ya mashabiki hayakubadilika.

Fikiria, basi, kazi ya mtangazaji wa siku hizo. Idhaa ilikuwa moja. Mashabiki wa pande zote mbili walimsikiliza yeye yule, kwa wakati ule ule, na kila upande ulipima kila neno lake. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Msikilizaji aliyefungwa alikuwa mwepesi wa kuamini kwamba mtangazaji naye anaivuta ngozi, hata pale ambapo mtu huyo alikuwa anajitahidi kwa moyo wake wote kuwa wa haki.

Hali ilikuwa nyingine taifa lilipokabiliana na wageni. Mwaka 1987 Nairobi ilishuhudia mechi mbili zisizosahaulika katika uwanja mpya wa Kasarani. Katika fainali ya Michezo ya Afrika, Kenya ilifungwa na Misri 1-0. Mwezi wa Desemba Gor Mahia ilitoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia, na kwa kuwa mkondo wa kwanza mjini Tunis ulikuwa umeisha 2-2, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa faida ya magoli ya ugenini. Katika mechi za namna hii mtangazaji husema "vijana wetu" bila kuulizwa. Kiambishi hicho -etu, ambacho katika mechi ya mashemeji kingeleta ghadhabu, huwa hapa ni sharti la uzalendo. Tunajifunza kutokana na jambo hili kwamba msikilizaji hachukii upendeleo kama upendeleo. Anachochukia ni kuachwa nje ya ile -etu.

Mwamuzi na msamiati wake

Tugeukie sasa mwamuzi. Katika kandanda ya awali ya Uingereza kila timu ilileta msuluhishi wake, na wawili hao waliposhindwa kuafikiana ndipo shauri lilipopelekwa kwa mtu wa tatu aliyekaa pembeni. Neno "refa" tulilolikopa linamaanisha, kwa asili, yule anayepelekewa shauri. Mwaka 1891 mtu huyo aliingizwa uwanjani na kupewa mamlaka yote, na wasuluhishi wakawa washika vibendera. Mwaka huo huo mkwaju wa penalti ulianzishwa. Mamlaka na adhabu kubwa viliingia uwanjani pamoja.

Kiswahili kina neno lake, mwamuzi, nalo limetoka mbali zaidi. Kuamua ni kukata shauri, lakini pia ni kuwatenganisha watu wanaopigana. Katika neno hili mwenye kutoa hukumu na mwenye kuingia kati ya wagomvi ni mtu mmoja. Inasikitisha kwamba mara nyingi katika viwanja vyetu mtu aliyepewa jina la mtenganishaji ndiye anayehitaji kutenganishwa na umati.

Msamiati wa makosa nao una mafunzo. Mchezaji aliyezidi husemwa kuwa "ameotea". Kuotea ni kuvizia, ni kujibanza ukingoja kutenda. Sheria yenyewe haiulizi kama mtu alivizia. Huuliza alikuwa wapi mpira ulipochezwa na mwenzake, na kama alijihusisha na mchezo. Kusimama tu mahali pale si kosa. Tena mahali penyewe pamebadilika: mwaka 1925 idadi ya wapinzani waliotakiwa kuwa kati ya mchezaji na mstari wa goli ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili, na mwaka 1990 aliyelingana na mpinzani wa pili kutoka mwisho akahesabiwa kuwa hakuzidi. Sheria hupima nafasi, ilhali neno letu hupima nia.

Vivyo hivyo mpira unapogusa mkono tunasema mchezaji "amenawa". Anayenawa hanawi kwa bahati mbaya. Kwa muda mrefu sheria ilikubaliana na neno hili, kwani ilihitaji kusudi. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliongeza hali nyingine ambamo mkono huwa kosa hata bila kusudi, na hapo neno likabaki nyuma ya sheria. Mtangazaji asemapo "amenawa", msikilizaji husikia hatia iliyokwisha thibitishwa.

Kitenzi kama hukumu

Sasa turudi chini ya mwembe. Mchezaji akilala chini katika eneo la penalti, Kiswahili humpa mtangazaji maumbo matatu ya kitenzi kimoja. "Ameanguka" hueleza tukio bila kumtaja wa kulaumiwa. "Ameangushwa" huleta mtenda, hata asipotajwa: yupo mtu aliyefanya. "Amejiangusha" humrudishia mlalamikaji kosa lake. Katika sheria za mchezo maumbo haya ni hukumu tatu: mchezo uendelee, penalti, au kadi ya manjano kwa hadaa. Mnyambuliko tunaowafundisha wanafunzi wetu ubaoni huwa, katika kibanda cha mtangazaji, ni kipenga cha pili.

Tatizo ni la wakati. Mtangazaji hulazimika kuchagua kitenzi kabla mwamuzi hajapuliza. Akinyamaza, msikilizaji huingiwa na hofu kwamba redio imekufa. Akisema "ameangushwa" na kipenga kisilie, msikilizaji huwa amekwisha pewa penalti, kisha amenyang'anywa. Aliyemnyang'anya, kwa jinsi anavyoona, ni mwamuzi. Na akisema "ameanguka" tu, mshabiki huuliza kwa nini mtangazaji anaificha dhuluma. Kwa mwenye mapenzi hapana neno lisiloegemea upande. Akipenda, chongo huita kengeza.

Isidhaniwe kwamba mwenye macho ameepukana na mtihani huu. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, jijini Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliusukuma mpira kwa mkono ukaingia katika lango la Uingereza. Mwamuzi alikuwa Mwafrika, Ali Bennaceur wa Tunisia. Hakuuona mkono. Alimtazama msaidizi wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, naye hakuonyesha kosa. Goli likahesabiwa, na Argentina ikashinda 2-1. Mamilioni waliotazama picha zilizorudiwa waliona walichokiona, lakini mtu aliyepaswa kuamua alikuwa na jicho moja la dakika moja, kama mtangazaji alivyo na kitenzi kimoja.

Tangu mwaka 2018 sheria za kandanda zimeruhusu mwamuzi asaidiwe na picha za video. Wengi walitumaini kwamba ugomvi ungekwisha. Sivyo ilivyokuwa. Picha huweza kuonyesha kwamba mguu umegusa mguu, lakini haiwezi kusema kama mtu ameanguka, ameangushwa au amejiangusha. Hilo bado ni lazima lisemwe na mtu, kwa maneno.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hasira ya mshabiki dhidi ya redio na hasira yake dhidi ya mwamuzi hukutana mahali pamoja: pale ambapo neno la mtangazaji huitangulia hukumu. Hatusemi kwamba waamuzi wote ni waadilifu, wala kwamba watangazaji wote hawana timu. Wapo waovu katika kila kazi. Tunalosema ni kwamba hata pasipo mwovu yeyote ugomvi ungekuwapo, kwa kuwa anayesikiliza hukabidhiwa hukumu akidhani amekabidhiwa habari.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi walimu wa Kiswahili tuna deni. Watangazaji wa michezo hupimwa kwa kasi ya ulimi na utamu wa tashbihi. Ni nadra kuwaambia kwamba kauli ya kutendwa ina mtenda ndani yake. Yafaa wafundishwe kueleza kwanza mahali mpira ulipo na mwili wa mchezaji ulivyokwenda, kisha wataje alichokiamua mwamuzi, na mwisho, wakitaka, watoe maoni yao wakiyaita maoni. Ndivyo alivyojaribu kusaidiwa msikilizaji wa mwaka 1927 kwa ramani ya miraba minane. Msikilizaji naye hana budi kujifunza kulisikia neno kabla ya kulikasirikia.

Ami yangu na shemeji yake walipatana hatimaye, si kwa sababu mmoja alikubali kosa, bali kwa sababu palitokea msiba katika ukoo na ikabidi wachimbe kaburi pamoja. Miaka mingi baadaye, niliporejea kutoka masomoni ng'ambo, nilimwuliza ami kuhusu penalti ile. Alifikiri kidogo, akasema, "Yule kijana alianguka." Kisha akaongeza, "Lakini siku ile tuliambiwa ameangushwa."