Shahada kwa mwanafunzi aliyefariki kabla ya mahafali: inawezekana?

Wadau, leo naleta jambo ambalo hatulizungumzii mpaka limfike jirani. Mzee mmoja wa kwetu Iramba aliuza alizeti miaka mitatu mfululizo ili kijana wake asome chuo. Kijana akafariki akiwa semista ya mwisho. Kilichorudi nyumbani ni begi, godoro na madesa. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, na ile digrii ndo imezikwa naye?" Sikuwa na jibu, nikaingia kutafuta.

NI SHAHADA GANI HII?
Ni shahada anayotunukiwa marehemu kwa masomo aliyokuwa anayasoma. Usiichanganye na shahada ya heshima, ile wanayopewa viongozi na watu maarufu. Hii mwenyewe aliitolea jasho darasani. Uingereza kuna nyingine inaitwa aegrotat, neno la Kilatini lenye maana ya "anaumwa". Hupewa mwanafunzi ambaye ugonjwa umemzuia kumaliza mitihani, na vipo vyuo vinavyoitoa hata kwa aliyefariki.

WALIOPEWA
Aprili 2007 watu 32 waliuawa kwa risasi chuo cha Virginia Tech, Marekani. Kati yao 27 walikuwa wanafunzi. Mwezi uliofuata, kwenye mahafali, wanafunzi hao walitunukiwa shahada zao.

Mei 2017 Richard Collins wa chuo cha Bowie State, Marekani, aliuawa siku tatu tu kabla ya mahafali. Joho lake liliwekwa juu ya kiti cha mbele, familia ikapokea cheti.

VIGEZO
Kila chuo kina kanuni zake. Vingi vya Marekani vinataka marehemu awe amebakiza kidogo kumaliza na awe na maksi za kufaulu. Kwetu Tanzania, shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, kwa hiyo swali la kwanza ni: alishakusanya ngapi?

Na aliyefariki mapema je? Hapo ndo pagumu. Kumbuka Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015: watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi, wapo wa mwaka wa kwanza na wapo wa mwisho. Mimi naona hata aliyesoma semista moja anastahili karatasi yenye jina lake, japo isiwe shahada. Chuo hakipungukiwi kitu.

FAMILIA IFANYE NINI?
1. Chukueni cheti cha kifo RITA.
2. Andikeni barua kwa chuo kupitia mkuu wa idara, mtaje namba ya usajili ya marehemu.
3. Ombeni matokeo ya semista zote alizomaliza. Hayo ni jasho lake.
4. Ulizeni kwa maandishi kama kanuni za chuo zinaruhusu shahada kwa marehemu. Wakisema hapana, ombeni jina lake lisomwe siku ya mahafali ya wenzake.

Msikae mkisubiri chuo kiwakumbuke. Siku ya mahafali husomwa majina ya waliomaliza, na asiyetajwa na mtu hupita kimya kimya.

Barua ya mzee nilimchapia mwenyewe, akatia dole gumba. Tumeshaituma, tunangoja jibu. Mwenye uzoefu wa jambo hili atupe mwanga hapo chini, mzee namsomea maoni yote.