Nguvu ya Keke Inatoka Wapi?

Kwenye rafu ya karakana yetu hapa Kakuma kuna mashine tatu za kutoboa ambazo hazitoboi. Zilikuja kama msaada miaka kadhaa iliyopita, zote za betri, mpya kabisa ndani ya maboksi yake. Vijana walizifurahia sana. Baadaye betri zikaanza kuisha chaji haraka, mwishowe zikakataa kabisa. Tukatafuta betri nyingine Kakuma mjini, tukaagiza Lodwar, tukapiga simu mpaka Eldoret. Hakuna duka lililokuwa na aina ile. Injini ni nzima, haina kasoro, lakini mashine imebaki pambo.

Ndiyo maana mwaka huu, kikundi chetu cha vijana kilipofikisha akiba ya shilingi 26,000 ili tununue mashine ya betri yenye nguvu, kikao kilichukua siku tatu. Mimi nikapewa kazi ya kuuliza-uliza na kusoma. Nilidhani nitasoma bei tu. Kumbe nikajikuta nasoma historia, na historia ndiyo iliyotuamulia. Naandika kwa sababu vikundi vingine navyo vinataka kununua, na kwa sababu baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mnaoandika orodha za vifaa vya msaada.

Tuanze na jina. Wengi wetu tunasema drili. Lakini Kiswahili kina neno lake la zamani, keke. Nilielezwa na mzee mmoja Mbajuni kutoka Kismayu, ambaye alikuwa fundi wa mashua kabla vita havijamleta huku. Alichukua kijiti na kamba akanionyesha. Keke ni mti wenye ncha ya chuma, na uta ambao kamba yake imezungushwa kwenye mti huo. Mkono mmoja unakandamiza juu, mwingine unasukuma na kuvuta uta, na mti unazunguka. Mitepe ya watu wa Lamu na Wabajuni ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na kila mshono ulitaka tundu. Hata mashua za misumari zilitaka tundu kwanza, la sivyo ubao unapasuka.

Nikamwuliza, "Mzee, nguvu yake ilikuwa kiasi gani?"

Akacheka. "Mwanangu, ukishakunywa uji, keke ina chaji."

Chombo hiki ni cha zamani mno. Kule Luxor, Misri, kuna kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose III. Ukutani wamechorwa mafundi seremala, na mmoja anatoboa kwa uta vilevile kama alivyonionyesha mzee. Picha hizo zina zaidi ya miaka 3,400. Kwa muda wote huo keke haikumtegemea mtu mwingine. Kamba ikikatika, unasokota nyingine. Uta ukivunjika, unakata mti. Ubaya wake ni mmoja: mkono unachoka, na tundu moja kwenye mbao ngumu linaweza kukula muda mrefu.

Umeme ukaja kuupumzisha mkono. Mwaka 1889, huko Melbourne, Australia, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya mashine ya kutoboa kwa umeme. Ilikuwa kubwa, ya kufungwa mahali pamoja, na kazi ndiyo iliyoifuata. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza ya kubebwa mkononi, ingawa ilikuwa na uzito wa kilo 7 na zaidi, na lazima uishike kwa mikono miwili. Kisha Wamarekani wawili, Duncan Black na Alonzo Decker, walioanzisha kampuni yao Baltimore mwaka 1910, wakaipa umbo la bastola: unashika mpini, unabonyeza kwa kidole. Hataza yao ilitoka mwaka 1917. Angalia drili yoyote leo, umbo ni lile lile.

Lakini hapo mkono ukafungwa kwenye waya. Aliye na waya anatoboa, asiye nao anatazama. Sisi tunaelewa jambo hili bila kufundishwa. Sehemu nyingi za kambi hazina umeme wa gridi. Mwenye jenereta atakuuzia umeme wa taa na wa kuchaji simu, lakini ukimletea mashine ya wati 700 anakufukuza. Hata ukiwa na jenereta yako, mteja anakutaka Kakuma 3 umfungie mlango wa bati, utaibeba kwa mgongo?

Mwaka 1961 Black & Decker wakaleta mashine ya kwanza isiyo na waya, kwa betri za nikeli na kadimi. Ilikuwa dhaifu. Miaka kumi baadaye mashine ya betri ikafika mwezini. Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, David Scott alitakiwa kutoboa mashimo ya karibu mita 3 ili kupima joto la ndani ya mwezi. La kwanza lilikwama karibu nusu ya njia. Tatizo halikuwa nguvu ya injini. Biti ilikuwa ya vipande vilivyounganishwa, na mifereji ya kutolea vumbi ilikatika kwenye maungio. Vumbi likakosa njia ya kupanda, biti ikabanwa. Kwa Apollo 16, mwaka 1972, walibadilisha biti, na shimo likaenda vizuri. Halafu mwanaanga John Young akajikwaa kwenye waya wa kipimo, waya ukakatika, na jaribio likaishia hapo. Vijana walicheka sana niliposoma hili kikaoni. Lakini lina funzo: mashine yenye nguvu na biti mbovu haitoboi, na waya uliotandazwa chini humngoja mtu aje ajikwae.

Nguvu ya kweli ilikuja na lithiamu. Sony waliingiza sokoni betri za lithiamu mwaka 1991, na mwaka 2005 kampuni ya Milwaukee ikatoa zana za volti 28 zinazotumia betri hizo. Uzito ukapungua, nguvu ikapanda. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya betri hizi.

Niliposoma kwamba betri nyingi za lithiamu zina kobalti ndani yake, kijana mmoja wetu akanikatiza. Yeye amezaliwa karibu na Kolwezi, Lualaba. Akasema, "Hiyo ni ya kwetu." Ni kweli. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na Kolwezi ndio moyo wake. Akatueleza jinsi kaka zake walivyokuwa wakishuka mashimoni na nyundo na mtalimbo, wakipanda na magunia mgongoni. Kule chini hakuna drili. Kikao kilinyamaza kidogo. Kisha akasema mwenyewe, "Basi tununue, lakini tusiiue baada ya mwaka mmoja kama zile za rafuni."

Hapo ndipo mjadala ulipobadilika. Kabla ya hapo tulikuwa tunauliza mashine ipi ina nguvu. Baada ya hapo tukaanza kuuliza nguvu yake inatoka wapi, na siku ikikatika nani ataturudishia. Zamani ilitoka mkononi, halafu kwenye waya, sasa iko ndani ya betri. Mashine za rafuni hazikukosa nguvu. Zilikosa duka.

Kwa hiyo tulichagua betri kwanza, mashine baadaye. Tuliangalia aina ambayo betri zake zinauzwa Lodwar na Eldoret, na ambayo betri hiyo hiyo inaingia pia kwenye grinda na msumeno wa kampuni moja. Usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. Volti 18 na zile zinazoandikwa volti 20 mara nyingi ni kitu kimoja: seli tano, kila moja volti 3.6, na zikiwa zimejaa chaji zinafika kama 20. Zidisha volti kwa ampea-saa upate ukubwa wa tangi. Volti 18 kwa 2 ni wati-saa 36, kwa 4 ni 72. Hiyo 72 ni kidogo kwa jua letu: paneli ya wati 100 yenye inveta inaweza kuirudisha kwa saa moja na ushee jua likiwa kali.

Nguvu ya kuzungusha husomwa kwenye namba yenye Nm. Kwa milango, vitanda na mabati, 50 hadi 60 inatosha. Kama mtatoboa ukuta wa bloku, hakikisha ina sehemu ya kugonga. Injini isiyo na brashi za kaboni ni ghali kidogo, lakini haina brashi za kuisha. Na joto linaua betri, kwa hiyo isichajiwe juani, wala ikiwa bado ya moto kutoka kazini.

Tulinunua ya volti 18 yenye betri mbili, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye biti nzuri. Nyie mnaogawa vifaa, nawaomba jambo moja tu: kabla ya kuandika jina la mashine kwenye orodha, mpeleke mtu dukani akaulize bei ya betri yake.

Kuna kopo limewekwa mlangoni mwa karakana, limeandikwa BETRI. Kila kazi ya kulipwa inayofanywa na keke ile, shilingi 50 zinaingia humo. Wa kwanza kutia alikuwa yule kijana wa Kolwezi. Mzee wa Kismayu naye alitengeneza keke ya uta, tumeitundika ukutani karibu na chaja. Wiki iliyopita mawingu yalitanda siku mbili, betri zote zikaisha, na mtoto mmoja akaishusha akaanza kutoboa.