Dania na Saga: Majina ya Majani katika Bustani za Jikoni za Londiani

Mji wa Londiani, katika Kaunti ya Kericho, umo katika nyanda za juu za Mau, penye baridi na mvua nyingi. Nyuma ya nyumba nyingi za sehemu hizo huonekana kishamba ambacho Wakipsigis hukiita kabungut, yaani bustani ya mama ya mboga na viungo vya chakula cha kila siku. Eneo lake ni dogo, lakini majina ya majani yaliyomo yanaeleza mengi kuhusu safari ya Kiswahili kutoka Pwani hadi bara.

Mfano wa kwanza ni dania. Mmea huu una majina matatu katika Kiswahili. Giligilani lina asili ya Kiarabu, juljulan. Kotimiri, linalosikika zaidi Pwani, linalingana na kothmir la Kigujarati, lugha ambayo hutenga majani mabichi na mbegu, kwani mbegu huitwa dhana. Dania lafanana na dhania la Kihindi na Kipunjabi, ambamo neno moja hutaja majani na mbegu pia. Tofauti hii si ndogo. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwako Pwani kwa karne nyingi. Bali wengi wa wafanyakazi waliojenga reli kutoka Mombasa, kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, walitoka Punjabi. Waliajiriwa zaidi ya 30,000, na baadhi yao wakabaki baada ya kazi kwisha. Londiani ilikuwa stesheni ya njia hiyo, na kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, magari ya ng'ombe yaliyokwenda Uasin Gishu yalipakia mizigo yake hapo. Yaelekea basi kwamba dania ni neno lililopanda milima pamoja na reli na maduka yake. Hoja hii hutiwa nguvu na matumizi ya bara, ambako dania ni majani mabichi hasa.

Mazingira nayo yalisaidia. Joto likizidi, mmea huu huharakisha kutoa maua, na majani yake hupungua. Ubaridi wa Londiani huuchelewesha. Kile kiitwacho mbegu ni tunda lenye mbegu mbili, ambalo husuguliwa hadi likagawanyika, kisha hupandwa papo hapo patakapokua, kwa kuwa mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Baada ya wiki sita hivi majani huanza kuchumwa. Hivyo mgeni akapata makao mlangoni pa jiko.

Hata hivyo, kabungut haikuwa tupu alipofika mgeni huyo. Ilikuwamo mboga ambayo Wakipsigis huiita isagek, Waluo dek, Wagusii chinsaga, Waluhya tsisaka, na watu wa Pwani mgagani. Uchungu wake hupunguzwa kwa maziwa, na mara nyingi hulazwa usiku mmoja kabla ya kuliwa. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanza kupanuka katika miaka ya 1920, yaliwakutanisha wafanyakazi wa makabila hayo, na sokoni likatawala jina la saga. Vivyo hivyo mnavu hujulikana zaidi katika masoko ya bara kwa jina la Kikikuyu, managu.

Hapa ndipo penye suala linalowahusu wanaleksikografia. Anayeandika mgagani peke yake husema kweli ya Pwani, lakini haeleweki Londiani. Anayeridhika na fungu la jumla, "mboga za kienyeji", hupoteza zaidi, kwa maana jina la jumla halielezi jani lipi ni chungu, lipi hutiwa maziwa, wala lipi hulazwa. Maarifa hayo yamehifadhiwa na akina mama pamoja na majina yenyewe. Jina likisahauliwa, maarifa nayo hukosa pa kushikia. Kiswahili kilipokea dania kutoka kwa wajenzi wa reli bila kuona haya. Saga, iliyokuwamo bustanini kabla ya reli, haistahili kupokewa kwa heshima pungufu ya hiyo.