WEMBE WA BABU: MAKALI HUJARIBIWA KABLA HAYAJAMGUSA MWENZIO



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Unajua mwenyewe hali inavyokuwa siku za mwisho za Ramadhan. Fundi cherehani hana nafasi, na kinyozi ndiyo kabisa. Kuanzia Garsen mpaka huku kwetu Chara, kila kijana anataka kuswali Idd kichwa kikiwa safi. Mashine inanguruma, foleni imefika nje, na hakuna anayeuliza kinyozi wa zamani alifanyaje kabla ya mashine na kabla ya stima.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasiouliza. Mpaka siku moja nimekuja likizo kutoka chuo, babu yangu akafungua kijisanduku chake cha bati, akatoa wembe wa kukunja, ule wa mpini. Akaniambia, "Dada yako anakaribia kujifungua. Nywele za aqiqa za nyumba hii nimenyoa mimi miaka yote. Sasa mkono unatetemeka. Mara hii utanyoa wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi ndugu yangu, kabla sijakueleza yaliyonipata, hebu turudi nyuma kidogo. Kumbe kile kijichuma kina historia ndefu, na ndani yake mna funzo kwetu vijana.

WEMBE NA WATU WAWILI

Neno wembe ni letu wenyewe, halikukopwa Uarabuni. Waarabu huuita musa, na kwa maandishi yao linafanana na jina la Nabii Musa (A.S.). Madrasa tulipofikia hadithi yenye neno hilo tuliangua kicheko, ustadh akatukazia macho mpaka tukanyamaza.

Wazee wetu waliutia wembe kwenye methali. Kinyozi hajinyoi. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Mtoto akililia wembe, mpe. Zitazame vizuri utaona wembe hauko peke yake hata mara moja. Daima kuna mtu wa pili, iwe ni anayenyolewa, anayengoja zamu au anayeutoa. Jambo la wembe ni jambo la kuaminiana.

Hadithi yenyewe tuliyoichekea ni ya sahaba Khubayb bin Adiyy (R.A.), na imo katika Sahihi ya Bukhari. Alitekwa kwa hila karibu mwaka 625, akauzwa Makka kwa jamaa wa al-Harith, mtu aliyeuawa katika vita vya Badr. Walimfunga wakingoja kumuua. Siku zilipokaribia, Khubayb aliazima wembe kwa binti wa al-Harith ili ajisafishe. Yule mama akaghafilika, na mtoto wake mdogo akatambaa mpaka kwa mfungwa. Alipogeuka akamkuta mtoto amekaa juu ya paja la Khubayb, na wembe uko mkononi. Roho ikamruka. Khubayb akamuuliza kama anahofia atamuua mtoto, akamwambia kwamba yeye hawezi kufanya jambo kama hilo. Akamwachia mtoto wao salama, na baadaye wao wakamuua. Mama huyo alikuja kusema hakupata kuona mfungwa bora kuliko Khubayb.

Msomaji wa Tana Delta, hadithi hii inatuhusu zaidi kuliko wengine. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta yetu, wakulima na wafugaji, wakiwemo watoto. Mimi nilikuwa mdogo, lakini sauti ya panga likinolewa usiku naikumbuka. Jiwe linalonoa wembe ndilo linalonoa panga. Makali yenyewe hayana dhambi. Swali ni mkono.

Kisa cha pili ni cha Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628. Waislamu walizuiwa kuingia Makka, na masahaba walikuwa na huzuni kiasi kwamba walipoamrishwa kuchinja na kunyoa hakuinuka mtu. Mama yetu Ummu Salama (R.A.) akamshauri Mtume (S.A.W.) atoke asiseme na yeyote, achinje mnyama wake kisha amwite kinyozi. Aliyemnyoa siku hiyo alikuwa Khirash bin Umayya. Masahaba walipoona hivyo wakainuka, wakaanza kunyoana wao kwa wao, na kwa majonzi yale walikaribia kuumizana.

SOKO LA SHAM NA CHUMA CHA PWANI

Miaka ilipokwenda, kunyoa kukawa kazi yenye sheria. Katika zama za Sultan Salahuddin, karne ya 12, aliishi huko Sham mwanachuoni Abdurrahman al-Shayzari. Aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani msimamizi wa masoko. Humo alitaka kinyozi awe mwepesi wa mkono, nyembe zake ziwe kali, na siku ya kazi asile kitunguu wala kitunguu saumu, asije akawaudhi watu kwa harufu ya kinywa. (Ndugu zangu vinyozi wa Ramadhan, nyinyi mna udhuru!) Tazama basi: kuwa na wembe mkali ilihesabiwa ni haki ya mteja.

Na chuma kilitoka wapi? Usidhani sisi tulikuwa wa kuletewa tu. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 kwa mfalme wa Sisili, aliandika kwamba watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na wanakifanyia biashara. Hapa hapa kwetu, katika magofu ya Ungwana karibu na Kipini, wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta takataka zinazobaki mtu akifua na kuyeyusha chuma. Wahunzi wa mlango huu wa Tana walijua kazi.

Baadaye viwanda vya Ulaya vikatangulia. Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja wa Uingereza, Benjamin Huntsman, aligundua huko Sheffield namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu mpaka kikatakata. Nyembe za Sheffield, na za Solingen Ujerumani, zikasambaa duniani. Wembe wa babu umeandikwa Sheffield ubapani. Baba yake aliununua Lamu, na yeye akaurithi.

JINSI YA KUUJUA WEMBE MKALI

Sasa tuje kwenye somo. Babu alianza na kinoo. Wembe unalazwa bapa, mgongo na makali yote yaguse jiwe, kisha unasukumwa makali yakitangulia. Baada ya jiwe ni ukanda wa ngozi, na hapo mwendo hugeuka: mgongo ndio utangulie, makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho wa ukanda unaugeuza wembe kwa mgongo wake, si kwa makali.

Siku ya kwanza nilisahau nikatanguliza makali. Nikaikata ngozi ile ya miaka mingi. Babu akaitazama, akasema, "Afadhali hii kuliko ya mtu." Akaishona.

Halafu yakaja majaribio, na haya yana mpangilio:

Kwanza jicho. Inua wembe kwenye mwanga, makali juu. Makali ya kweli hayaonekani. Ukiona uzi mweupe unametameta, hapo ni butu.

Pili kucha. Lowesha ukucha wa dole gumba, pitisha makali juu yake taratibu sana. Yakiteleza sawasawa hakuna pengo. Yakikwama, kuna pengo, rudi kwenye jiwe. Jaribio hili ni la wakati wa kinoo tu, kwa sababu kucha huyapunguza makali.

Tatu nyama ya kidole. Lowesha kidole, yaguse makali kwa wepesi bila kuyaburuta. Wembe mkali unahisi kama unataka kung'ang'ania ngozi. Butu huteleza tu.

Nne malaika ya mkono. Pitisha wembe juu juu bila kugusa ngozi. Ukiwa mkali, vinyweleo vinakatika vikiwa hewani.

Tano, na ndilo la mwisho, unywele mmoja. Ushike kwa ncha, uushushe juu ya makali. Ukikatika wenyewe bila sauti, wembe uko tayari. Ukipinda, rudi kwenye ukanda.

Utasema, mbona taabu yote hii? Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu kwamba watu huogopa wembe mkali, kumbe unaokata watu ni ule butu. Butu unakulazimisha kukandamiza, na nguvu ikiteleza ndipo damu hutoka. Mkali unauacha uzito wake wenyewe ufanye kazi.

Kunyoa kwenyewe nilijifunzia kwenye puto. Unalipaka povu la sabuni, kisha unaliondoa kwa wembe bila kulipasua. Yalipasuka sita, watoto wa mtaa wakafurahi kweli kweli. La saba likabaki. Hapo babu akavua kofia, akalowesha kichwa kwa maji ya moto, akakaa kwenye mkeka mbele yangu. "Haya," akasema. Unalaza wembe kiasi cha nyuzi 30, mkono wa pili unavuta ngozi, unafuata nywele zinakoelekea, kwa mwendo mfupi mfupi. Nilikuwa nikitokwa jasho. Yeye alifumba macho kama mtu aliye msikitini. Alitoka na mkwaruzo mmoja nyuma ya sikio.

DUNIA ILIPOBADILIKA

Mmarekani King Camp Gillette alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake mwaka 1904, wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Mwaka 1918 jeshi la Marekani liliwagawia askari wake kwa mamilioni, na waliporudi nyumbani hawakuuacha. Kazi ya kinoo ikaanza kusahaulika.

Lakini kilichouzika wembe wa kinyozi huku kwetu ni jambo jingine. Mwaka 1984 UKIMWI uligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza, na Novemba 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Watu wakafundishwa wasichangie nyembe. Pia homa ya ini aina ya B hupita njia hiyo hiyo ya damu.

Jambo hili lilimuuma babu. Zamani kabla ya kumnyoa mtu alijijaribia mkononi mwake mbele yake, ili mtu aone wembe hauna hila. Ile ndiyo ilikuwa heshima. Kumbe heshima ile ile ndiyo iliyokuja kuwa hatari.

Dada alipojifungua mtoto wa kiume, muuguzi wa zahanati alituambia wazi: wembe mpya, usiomgusa mtu mwingine. Nilidhani babu atakasirika. Aliniuliza tu, "Unywele unaukata?" Nikafungua karatasi ya wembe mpya wa dukani, nikashusha unywele wangu juu yake. Ukakatika kimya. Akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya saba nilinawa mikono, nikaanza upande wa kulia. Kichwa cha mtoto mchanga, ndugu yangu, utosini panapwita, unauona moyo wake. Sikukandamiza hata kidogo. Mama yake alikuwa ameshika miguu yake huku midomo ikisoma. Hakikutoka hata kitone. Nywele tukazipima, na sadaka ya uzito wake kwa fedha ikatolewa. Wembe wa Sheffield babu anaunyolea kichwa chake mwenyewe, na mnyoaji ni mimi.

Basi msomaji, ukikaa kwenye kiti cha kinyozi kabla ya Idd hii, usione haya kumwomba wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako na mashine ifutwe kwa spiriti. Ni haki yako tangu soko la Sham. Nawe ukiwa ndiye mwenye wembe, au panga, au ulimi mkali, ujaribu kwanza kabla haujamgusa mwenzio.

Nilipopatia ni kwa taufiki ya Allah (S.W.), na nilipokosea ni mimi na shetani. Ramadhan Karim, na Idd njema kwenu nyote.

Wabillahi tawfiq.