Watakatifu katika sinema: nani aliyesema neno hili?



Katika siku hizi za jubilei vijana wetu wataonyesha picha waliyoitengeneza wenyewe juu ya Mwenyeheri Anuarite. Wengine wamefurahi; wengine wamenung'unika wakisema kwamba si vema mtu kujifanya mtakatifu mbele ya kamera. Ndiyo maana tumeombwa kueleza kidogo habari za sinema za watakatifu. Tulipokaa kuandika tulikumbuka kosa letu wenyewe, nasi twaona afadhali tuanze nalo.

Kwa miaka mingi, tulipowafundisha wale wanaogawia maskini chakula, tulikuwa tukiwarudishia neno moja la Mtakatifu Vincent de Paul: kwamba maskini huona uchungu kupewa mkate, na ni upendo tu wa mwenye kuutoa unaoweza kuufuta uchungu ule. Siku moja padri mgeni alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza kwa upole tumelisoma wapi neno hilo. Tukajibu bila wasiwasi: katika barua za mtakatifu. Akatabasamu tu.

Barua na mafundisho ya Mtakatifu Vincent yalikusanywa na Padri Pierre Coste katika vitabu 14, kati ya mwaka 1920 na 1925. Neno lile halimo. Latoka katika sinema iitwayo Monsieur Vincent, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1947. Mwandishi Jean Anouilh ndiye aliyelitia kinywani mwa mwigizaji Pierre Fresnay, penye mwisho wa picha, mtakatifu mzee anapozungumza na sista kijana anayekwenda kwa maskini mara ya kwanza. Vincent alifariki mwaka 1660. Neno lake linalorudiwa sana lilizaliwa miaka karibu 290 nyuma ya kifo chake!

Kumbe nasi tuliiona picha ile tulipokuwa seminari ndogo, kwa kaseti ya video, tukiwa wengi mbele ya kioo kidogo. Sinema tuliisahau, neno likabaki. Wala hatuilaumu sinema yenyewe. Ni picha njema, haina miujiza hata mmoja, na Wamarekani waliipa tuzo yao ya Oscar ya namna ya pekee. Tena neno lenyewe halipingani na mafundisho ya Vincent. Lakini kusema kwamba mtu angaliweza kusema jambo fulani si sawa na kusema kwamba alilisema, na katekista ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kujua tofauti hiyo.

Shida huzidi pale sinema inapotaka kuonyesha lile ambalo watu wengine hawakuliona. Huko Lourdes, mwaka 1858, Bernadette Soubirous alitokewa na Bibi mara 18. Waliopiga magoti kando yake hawakuona kitu ila uso wa binti yule. Baadaye mchongaji Joseph Fabisch alimwuliza kwa makini mambo yote, akachonga sanamu ya marimari nyeupe, nayo ikawekwa pangoni mwaka 1864. Bernadette alipoitazama alikubali kwamba ni nzuri, lakini siye yule aliyemwona. Basi mwaka 1943 watu wa Hollywood walitoa The Song of Bernadette, wakifuata kitabu cha Franz Werfel, Myahudi aliyepata kimbilio Lourdes mwaka 1940 alipokuwa akiwakimbia Wanazi, akaweka ahadi ya kuandika habari za Bernadette. Katika picha hiyo Bibi anaonekana wazi kabisa, akiigizwa na Linda Darnell. Kama sanamu haikumridhisha mwenye kuona, mwigizaji angalimridhisha namna gani? Kwa maoni yetu sisi, uso wa Jennifer Jones, aliyekuwa Bernadette, ungalitosha. Nao watu wa Lourdes hawakupata zaidi ya uso.

Aliyefahamu jambo hilo mapema alikuwa Mdenmark mmoja, Carl Theodor Dreyer, wala hakuwa mkatoliki. Mwaka 1927 alikuwa Ufaransa akitengeneza picha ya Mtakatifu Jeanne d'Arc. Miaka 27 kabla yake Georges Méliès alikwisha kumwonyesha Jeanne katika sinema ya dakika kama kumi, watakatifu wakimtokea hewani, na mwishoni mbingu zikifunguka. Dreyer alifanya kinyume. Alishika maandiko ya hukumu yenyewe, maana waandishi wa baraza lile la Rouen, mwaka 1431, waliandika maswali ya waamuzi na majibu ya mshitakiwa, na maandiko hayo yako hadi leo. Humo tunamsikia binti wa miaka kama 19, asiyejua kusoma, akiwajibu walimu wa elimu ya Mungu. Walimwuliza kama yumo katika neema ya Mungu. Ulikuwa mtego: akikubali, ni majivuno, akikana, amejihukumu. Akajibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie, na kama yumo, Mungu amdumishe humo. Jibu la namna hii lahitaji mtungaji wa kulipamba?

Sinema ya Dreyer haina sauti, hivyo majibu yanaandikwa tu, na katikati ya maandishi tunatazama uso wa Renée Falconetti, mwigizaji wa jukwaani, asiye na poda wala rangi. Sauti ambazo Jeanne alisema anazisikia, Dreyer hakuzionyesha hata kidogo. Tunaona anayesikiliza, anayenena hatumwoni. Ni kweli kwamba aliibana miezi ya hukumu ikawa kama siku moja, na mwanahistoria ana haki ya kulalamika. Sisi twamsamehe, kwa sababu alifupisha saa, hakuongeza ushuhuda.

Picha ile nayo iliteswa. Mwaka 1928 ilikatwa sehemu kadha kabla ya kuonyeshwa Paris, kwa kuwa wakubwa wa serikali na wa Eklezya hawakupenda waamuzi wale waonyeshwe vile. Mwaka huohuo filamu ya asili iliungua kwa moto huko Berlin. Kwa miaka zaidi ya 50 watu walitazama nakala zenye kasoro, hata mwaka 1981 nakala nzima ikakutwa Norway, katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Katikati ya muda huo, mwaka 1962, Mfaransa Robert Bresson alirudia hukumu ileile kwa maneno yaleyale ya waandishi.

Sasa turudi kwetu. Sista Marie-Clémentine Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku chache baada ya kuondolewa Bafwabaka pamoja na wenzake, akatangazwa Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Masista waliokuwa naye walishuhudia yale waliyoyaona na kuyasikia. Vijana wetu walipotuletea maandishi yao ya kwanza, tulikuta Anuarite anatoa hotuba ya ukurasa mzima kabla ya kufa. Tukawauliza: nani aliyeisikia? Wakanyamaza. Ushuhuda wasema kwamba alimsamehe muuaji, akimwambia kwamba hajui anachokifanya. Ni maneno machache mno.

Binti anayemwigiza alitujibu: « Lakini, Baba Katekista, akisema machache hivyo, watu hawatalia. » Tulikosa jibu siku ile. Juma lililofuata tuliwaonyesha Jeanne wa Dreyer kwa mashini ya parokia. Hawakuipenda yote, walisema ni ya polepole na haina muziki wa kutosha. Lakini walipotoka hotuba ilikuwa imefutwa. Tendo lenyewe la kuua hawakulionyesha. Wameonyesha nyuso za masista wanaosikia kutoka upande wa pili, na mwishoni mkono unaochukua sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwa kanzu, maana kwa sanamu hiyo mwili wake ulitambuliwa baadaye. Mwenye kuandika hotuba bado ana uchungu kidogo, nasi twamwelewa.

Picha itaonyeshwa Jumamosi baada ya Misa ya jioni, uwanjani nyuma ya kanisa. Umeme ukikatika, tutawasha mashini.